Meno ya Kalunja

Mama mmoja wa Rubondo, huku kambini Nakivale, alinishika mkono Jumanne pale bombani, ndoo ikiwa kichwani, akaniambia, "Weye mwandishi, ule dada akikana mama yake, miye sisomi tena." Samahani, mama. Tua ndoo kwanza, ukae.

Kwa walioikosa wiki jana, na najua gazeti mnalifungia maandazi kabla hamjalimaliza: ni Jumamosi, saa nane mchana, Nyamityobora, mjini Mbarara. Sebule ya Mama Sidonie imejaa wageni, wengine wamekalia mikono ya makochi. Wamekuja kumtazama Olga, msichana wa kambini Nakivale ambaye Patient, mtoto wa Mama Sidonie, anataka kumwoa. Olga amevaa kitenge kipya. Ana meno meupe pee. Amewaambia watu hawa kwamba yeye ni mzaliwa wa Bukavu mjini, na kwamba mama yake alikuwa nesi, akafa vitani.

Na mlangoni amesimama mwanamke mwembamba, vumbi la safari hadi magotini. Hakubisha hodi. Amemkazia Olga macho, kisha akasema maneno mawili.

"Fungula kinywa."

Mama Sidonie alikuwa ameshika sahani ya sambusa, akaishusha mezani polepole.

"Mama, weye ni nani, unaingia kwa watu na kuwaamuru?"

"Munisamehe." Mwanamke alivua kandambili, akaziacha nje. "Naitwa Mukandoli. Natoka Kikagate, nauzishaka unga ya mihogo pale mupakani. Sikujua kama kuko sherehe. Mwimbaji moja wa koro ya Rubondo aliniambia kuko musichana kule mwenye meno ya kwetu. Nikafika Rubondo, banasema ameenda Mbarara, kwa fasi hii. Natafuta mutoto wangu. Mwaka wa tisini na sita alikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunamuita Umuhire."

"Meno ya kwenu iko namna gani?" shangazi mmoja aliuliza.

Mukandoli alitabasamu ili waone.

Hapa lazima nisimame niwaeleze, maana kuna wasomaji wa mjini wasiojua. Kalunja ni kilima kule Kivu ya Kusini, na kina chemchemi moja ambayo kila mtu anaitegemea. Maji yake ni matamu, ila yanachora meno ya mtoto tangu yanapoota. Meno yanatoka ya kahawia, na michirizi. Ukisugua kwa mkaa, kwa chumvi, kwa dawa ya dukani, unajichosha bure. Watu wa Kalunja wakikutana ugenini hawaulizani kwao ni wapi. Wanacheka tu, wanaonana meno, basi, wamejuana.

Mama Sidonie hakuyajua hayo. Aliona kinywa cha kahawia tu.

"Eh, Mungu wangu!" alisema akishika kifua. "Ile ni meno ao ni mbegu ya kahawa?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Patient hakucheka. Mzee Musoni, aliyemwokota Olga njiani wakati wa vita akamlea kambini kama wake, hakucheka, alikuwa anatazama viatu vyake. Olga alicheka.

Naandika tena msije mkadhani mhariri amekosea. Olga alicheka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekamata kitenge mpaka vidole vikamuuma.

Kwa sababu alikwishamjua. Alimjua tangu aliposema "munisamehe", ile sauti ya kukwaruza kidogo. Jina la Olga alipewa kambini siku ya ubatizo. Kabla ya hapo aliitwa Umuhire, na aliyekuwa akimwita hivyo kutoka jikoni amesimama sasa miguu mitupu kwenye zulia la Mama Sidonie, anachekwa.

"Binti," Mukandoli alimwambia, taratibu, "weye ni Umuhire?"

Wageni wakamgeukia Olga. Mama Sidonie akamgeukia. Mzee Musoni akainua uso, macho yake yakimwomba kitu, sijui ni kukubali au kukataa, na nadhani hata yeye mzee hakujua.

"Hapana, mama," Olga alisema. "Umekosea. Miye ni Olga. Mama yangu alikufa."

Haya, mama wa bombani. Nilikuambia utue ndoo.

"Fungula, mutoto wangu, aone mwenyewe!" Mama Sidonie alisema kwa majivuno. "Mutu asikusumbue bure. Fungula!"

Olga akafungua kinywa mbele ya mama yake, kama ng'ombe anayeuzwa.

"Umeona?" Mama Sidonie alisema. "Ile njo meno ya muji."

Mukandoli aliangalia kwa muda mrefu. Hakuangalia meno peke yake. Aliangalia paji la uso, akashuka kwenye kidevu, akarudi machoni. Kisha akatikisa kichwa.

"Si yeye," alisema. "Ni kweli, nimekosea. Wa kwangu alikuwa na meno ya Kalunja. Munisamehe, nimewaharibia siku."

Walimpa soda, akakataa. Walimpa sambusa, akachukua moja, akaifunga ndani ya kitambaa. Alipofika mlangoni aligeuka. "Mungu abariki hii ndoa," alisema, akavaa kandambili zake, akaenda.

Mambo yangeishia hapo. Wapo watu wanaokaa na siri ya namna hiyo miaka arobaini, wanazikwa nayo, na mchungaji anawasifu. Lakini nyumba ya Mama Sidonie ina desturi yake. Mkwe mpya na mama mkwe hunywa soda ya chupa moja, na mkwe ndiye anayeanza. Chupa ikaletwa kutoka kwenye friji, inatoa jasho.

"Kunywa, binti yangu," Mama Sidonie alisema. "Kunywa ya kutosha, usisikie haya."

Olga akapiga funda moja.

"Yoooo!"

Chupa ilianguka, soda ikamwagika hadi kwenye soksi za shangazi. Olga alishika mashavu kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka. Ilikuwa kama mtu amempiga msumari kwenye kila jino.

"Analia furaha," shangazi alisema huku akikung'uta mguu.

"Furaha gani ya kuvunja chupa?" Mama Sidonie alisema.

Olga alikimbilia bafuni, akafunga mlango, akawasha taa. Kwenye kioo aliona damu kwenye fizi. Akatema, na ndani ya sinki likadondoka kigamba cheupe, chembamba, ukubwa wa punje ya mchele. Alifungua kinywa tena. Jino la mbele, la kulia, lilikuwa na dirisha. Na dirishani ilikuwa inachungulia kahawia ya Kalunja.

Hapo sasa ndipo alipolia.

Hodi ikapigwa. "Olga, ni miye," Patient alisema kwa sauti ya chini. "Fungula."

Alifungua. Patient aliona jino, akaona damu, akafunga mlango nyuma yake.

"Ule mama," alisema. "Ni yeye?"

"Ni yeye."

Patient aliegemea ukuta. Nitawaambia kwa nini. Patient alimpenda Olga kule Rubondo na meno yake ya kahawia, akamsikia anaimba huku mkono umefunika mdomo, akampenda hivyo hivyo. Kisha akampelekea mama yake picha. Mama Sidonie akauliza, "Huyu anaficha nini mudomoni?" Na Patient, mwanamume mzima mwenye duka la vitenge, badala ya kumjibu mama yake, akaenda kumwambia Olga, "Tutengeneze meno kidogo. Kidogo tu. Unajua mama yangu ni mugumu."

Olga akauza cherehani yake. Patient akampeleka kwa fundi mmoja wa meno, nyuma ya saluni, mtaa huo huo wa Nyamityobora. Fundi alikuwa na kiti cha kunyolea na chupa isiyo na karatasi. Alipaka maji ya chupa ile juu ya meno, Olga akasikia moto, fundi akasema, "Vumilia nyabo, beauty ni maumivu." Kisha akapaka kitu cheupe, akakikausha kwa taa ya bluu, akamshikisha kioo. Olga alijiona, akacheka bila kufunika mdomo kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto. Alirudi Rubondo anasalimia hata wasiomsalimia.

Kwa wiki tatu alikunywa uji wa vuguvugu na kusema amefunga kwa maombi.

"Na weye ulimujua vilevile," Olga alimwambia Patient pale bafuni. "Uliona meno yake. Unajua meno yangu ya zamani."

"Nilimujua."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza." Uso wa Patient ulikuwa umeiva kwa aibu. "Na mzee Musoni alinyamaza. Sisi wote watatu, kwa mama moja asiyekuwa na mutu."

Damu ilikuwa haijakatika. Patient alimshika mkono, akampitisha mlango wa jikoni, wakaacha wageni na sambusa zao. Alitaka ampeleke kwanza kwa daktari wa kweli. Olga alitaka waende steji ya magari ya Kikagate. Patient akasema damu kwanza. Mimi ningesema steji kwanza, lakini hawakuniuliza.

Daktari alikuwa Mnyankole, mama wa makamo, Dokta Kyomugisha, kliniki yake ghorofani juu ya duka la mbolea. Alimlaza Olga kwenye kiti, akamulika, akamulika tena.

"Nyabo, nani alifanya wewe hii?"

"Fundi," Olga alisema.

"Fundi wa nini? Wa baiskeli?" Dokta alikuwa na hasira, na mkono wake ulikuwa mpole. "Huyu mutu alichukua asidi akachoma juu ya jino. Ile ngozi ngumu ya jino imekwisha. Halafu akapaka rangi nyeupe juu. Sasa rangi inatoka, na chini jino iko uchi. Ndiyo sababu baridi inakuuma."

"Sasa unaweza kung'arisha vizuri?" Patient aliuliza. "Ile ya kweli, ya hospitali?"

"Sikia, ssebo. Kama ni doa ya chai ama sigara, mimi naosha, inatoka, tena kila mwaka unarudi naosha. Kuna dawa ya kung'arisha, iko, inafanya kazi kwa watu wengine. Lakini hii brauni si uchafu. Iko ndani ya jino tangu haijaota, ni ya maji. Ukipaka dawa, ile michirizi haitoki, saa ingine inaonekana zaidi. Kufunika naweza, lakini ni kazi kubwa, na baada ya miaka unarudia." Akamgeukia Olga. "Meno yako ilikuwa inatafuna?"

"Ndiyo."

"Muwa?"

"Muwa, mahindi ya kuchoma, yote."

"Ilikuwa inauma?"

"Hata siku moja."

"Eeeh." Dokta alivua glavu. "Uliuza meno ya kazi, ukanunua meno ya picha."

Cherehani ilimjia Olga akilini, na ile wiki ya kwanza alipokuwa anawasalimia watu.

Dokta akachukua kalamu aandike. Aliuliza swali la kawaida tu, la kujaza karatasi, na ndilo lililomwondoa Olga kwenye kiti.

"Kwenu mama pia ana meno ya namna hii?"

Olga alimtazama Patient.

Kwa mara ya pili mchana ule mtu alikuwa anamuuliza habari za mama yake, na jibu lile lile lilikuwa tayari ulimini, laini, limekwishazoea. Alikufa. Alikuwa nesi.

"Anayo," Olga alisema.

"Na yeye alitumia nini kuosha?"

"Hakuosha. Aliacha vile." Akajiinua kwenye kiti. "Dokta, iko hapa mujini. Amekuja kunitafuta, nimemufukuza. Nimecheka pamoja na watu."

Dokta Kyomugisha aliweka kalamu chini. "Sasa kwangu unatafuta nini?" alisema. "Ng'ata hii pamba, uende. Jino itangoja."

Walishuka ngazi wakikimbia. Olga alikunja kitenge kipya mpaka juu ya magoti, na sitaki barua kutoka kwa wazee wa kanisa kuhusu hilo. Watu walikuwa wanageuka. Wanaona bibi harusi mtarajiwa, pamba yenye damu mdomoni, na mwanaume wa suti nyuma yake. Mmoja akapiga kelele, "Nyabo, huyo amekupiga?" Patient akainamisha kichwa akaendelea kukimbia.

Steji ya Kikagate ilikuwa na gari moja, linangoja abiria wa mwisho. Kiti cha nyuma kabisa, dirishani, Mukandoli alikuwa amekaa na kitambaa chake mapajani. Sambusa ilikuwa bado imo ndani, hakuila.

Olga aliingia, akapita juu ya magunia na miguu ya watu. Alifika mbele ya mama yake. Alitoa pamba mdomoni. Akakwangua kwa ukucha ile rangi ya jino la mbele, ikabanduka upande mzima, ikamuuma mpaka akaona giza. Akafungua kinywa mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

"Ni miye," alisema. "Niko Umuhire. Nimekukana mbele ya watu, mama. Nasikia haya mpaka sijui nitasimama fasi gani."

Nyuma yake Patient alikuwa mlangoni mwa gari, mguu mmoja ndani.

"Olga, nitamuambia mama yangu nini? Wageni bangali kule."

"Mwambie kwamba bibi unayeoa ni wa Kalunja," Olga alisema bila kugeuka. "Akicheka, ucheke naye. Asipocheka, utufuate Kikagate."

Kondakta akamsukuma Patient nje kwa adabu, akafunga mlango. Gari likawaka.

Mukandoli hakulia. Alikuwa ameshika kidevu cha binti yake, anatazama lile jino lililobanduka, anapuliza polepole pale penye maumivu, kama anavyopulizwa mtoto aliyeungua. Walipoanza kusema walisema lugha ya nyumbani, na mimi ninawaandikia kwa Kiswahili changu.

"Nilikujua," Mukandoli alisema. "Tangu mlangoni, kabla hujafungua chochote. Mtoto nimzae mimi, nimkose kwa sababu ya rangi ya meno?"

Olga aliduwaa. "Sasa kwa nini ulisema si mimi?"

"Uliponiambia mama yako alikufa, nikaona umesema haki. Nikasema acha iwe hivyo, mtoto aolewe."

"Haki gani, mama? Mimi ndiye mwenye makosa. Wewe hukufanya kitu. Tulipotezana tu, kama watu wote."

"Nani alikuambia tulipotezana?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia Olga. Alikuwa amejiambia mwenyewe, miaka kumi na sita.

Mukandoli aliondoa mkono kwenye kidevu cha binti yake. Akaufunika mdomo wake kwa kitambaa, yeye ambaye alikuwa ameonyesha meno yake mbele ya sebule nzima bila kuona aibu.

"Usiniite mama kwanza," alisema. "Nisikilize, halafu utachagua kushuka au kukaa. Siku ile barabarani nilikuwa na kaka yako mgongoni, ana homa, na wewe mkononi, umechoka, unalia kila hatua. Watu walikuwa wanatuacha nyuma. Sikukupoteza, Umuhire. Nilikuketisha kwenye ngazi za shule, nikakuambia uningoje, nakuja na maji. Na nilipokuwa nakuambia, nilijua sirudi."